Matone ya Dawa ya Pamba

Juzi binti yangu alirudi kutoka kazini na kichupa cha kahawia, akakifungua mezani, akaniambia, "Mama, hebu nusa." Alikuwa amekinunua kwa bei ambayo sitaitaja, maana nikiitaja nitakasirika upya. Ndani mlikuwa na mafuta ya mchaichai yaliyochanganywa na karafuu, ya kupaka mwilini ili mbu wasikusogelee. Kwenye karatasi ya nje waliandika kwamba ni ya asili kabisa, hata mtoto mchanga anapakwa. Nilinusa mara moja tu. Binti yangu aliniona nimeshika ukingo wa meza, akauliza kama presha imepanda. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani. Hakuuliza zaidi, vijana wa siku hizi wakisikia neno nyumbani wanadhani unataka kuwatuma. Basi nitawasimulia ninyi.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja pembeni ya Dutwa, upande ambako ardhi inashuka kwenda mbugani. Juu kwenye mchanga tulilima pamba na mahindi, chini kwenye udongo mweusi tukalima mpunga. Na mtu anayelima mpunga, apende asipende, analima na mbu. Majaruba yakishajaa maji, mbu wa kwetu hawakungoja giza. Ukikaa kivulini karibu na maji, hata saa nne asubuhi, walikuja kukusalimia masikioni. Chandarua nilikuwa nimekiona mara moja tu, kwa mwalimu mkuu, nikadhani ni nguo ya harusi ya mke wake.

Mama yetu tulimwita Mayu, kama Wasukuma wengi wanavyowaita mama zao, na Mayu alikuwa na mafuta yake. Mchaichai aliuotesha nyuma ya bafu, ambako maji ya kuogea yalimwagikia. Kivumbasi kilijiotea chenyewe mpakani mwa shamba. Majani ya mkaratusi aliyaomba kwenye uwanja wa kanisa, naye katekista alimpa kila mara huku akimkumbusha kwamba na kwenye ibada anahitajika. Aliyatwanga yote kwenye kinu, akayatia kwenye chungu pamoja na mafuta ya mbegu za pamba, yale mazito mekundu yaliyotoka kiwandani bila kusafishwa sana. Chungu chenyewe hakukiweka motoni. Alikitumbukiza ndani ya sufuria kubwa yenye maji, na chini yake akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, moto usio na haraka. Alikifunika kwa sahani na kitambaa kibichi, akakaa hapo mchana mzima akichambua mboga na kutufukuza.

"Mafuta yakichemka, harufu inahama," alisema. "Harufu ni kama mgeni, ukimpigia kelele anaondoka."

Jioni aliyakamulia kwenye kipande cha kanga. Soko huria lilipoingia na maduka kujaa vitu, aliongeza karafuu aliyoinunua kwenye gulio la Dutwa, akaiponda na kuiloweka pamoja na yale majani. Kuanzia hapo nyumba yetu nzima ilinuka chai. Wageni walikuwa wakiketi wanameza mate, wakisubiri vikombe ambavyo havikuja. Shuleni waliniita Chai ya Rangi, na mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kusimamisha somo akiuliza ni nani ameficha chupa ya chai chini ya dawati. Lakini mbu walitukwepa, hilo hakuna aliyebisha, na wanawake wa jirani walikuja na vichupa vyao kuomba.

Mimi ni Doto. Anayejua majina ya kwetu amekwisha kuelewa kwamba nilizaliwa pacha na Kulwa. Kulwa alianza kutetemeka mchana mmoja kule mbugani, tukiwa darasa la kwanza, na hakufika Jumapili. Wakati ule Mayu alikuwa hajaanza kutengeneza mafuta. Alianza baada ya msiba, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Miaka ilipita, tukafikiri hatazaa tena, kisha akaja Shija, jina la mtoto anayefuata mapacha hata akichelewa namna gani.

Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kicheko kilichofanana na kikohozi. Kwa mambo mengine alikuwa jasiri. Nimemwona akimwondoa fisi zizini kwa kumtukana tu. Lakini Shija akipiga chafya, baba aliacha chakula. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba aliona nyoka katika kila kitu kilichomhusu mtoto yule. Alimgusa paji la uso akienda shambani, akamgusa akirudi. Mafuta ya Mayu aliyasifu, ila alikuwa na lawama moja: hayakudumu. Yakipakwa asubuhi, jua likipanda na jasho likitoka, yalikwisha nguvu na ilibidi kupaka tena. Mayu akiwa amezama kwenye tope anapalilia mpunga, na mimi nikiwa mtoto ninayemlea mtoto, kupaka tena kulisahaulika. Baba alitaka kitu kisichochoka.

Sasa niwaeleze habari ya dawa ya pamba, maana ndiyo kisa chenyewe. Zamani dawa ya kuua funza wa pamba ililetwa na chama cha ushirika. Ilikuja kwa lori, kwenye madebe yaliyofungwa, yenye picha ya fuvu la kichwa, na bwana shamba alisimama juu ya sanduku akatuonya hadi watoto tukaota ndoto mbaya. Kisha mambo yakafunguliwa. Kila kitu kikawa ruksa. Wanunuzi wa pamba wakaja na mizani yao na maringo yao, chama kikasinyaa, bwana shamba akaanza kuonekana kwa nadra, na dawa ikahamia madukani. Watu hawakuwa na uwezo wa kununua debe zima, kwa hiyo mwenye duka aliwapimia. Uliingia na chupa yako ya soda, ukamiminiwa, ukaiziba kwa gunzi la mahindi. Dawa ile ilikuwa ya mafuta, si ya maji. Ikiwa ndani ya chupa ya soda, bila fuvu na bila onyo, ilikuwa mafuta tu kama mengine.

Pale dukani, wanaume wakingoja kupimiwa, walizungumza. Mmoja akasema dawa inayomwangusha funza wa pamba, mbu ni nani aishinde? Mwingine akasema yeye huweka matone mawili tu kwenye mafuta ya mwili, na wanawe wanalala bila kusumbuliwa. Wakacheka, wakakubaliana kwamba dawa ya moto ni moto. Baba alikuwa amesimama hapo na chupa yake.

Nawaambia mapema ili msihangaike kutafuta mchawi. Aliyeyachanganya mafuta ya Mayu na dawa ya pamba ni baba yangu, na alifanya hivyo kwa upendo. Alfajiri moja, Mayu akiwa anakamua ng'ombe, alichukua chupa ya mafuta ya Shija kutoka kwenye kidirisha cha jikoni, akatia matone yake, akatikisa, akairudisha. Nadhani mkono ulikuwa mkarimu kuliko alivyokusudia. Hakumwambia mtu. Mambo ya majani na chungu yalikuwa ya wanawake, na aliona haya kuonekana anaingiza mkono humo. Karafuu ilikuwa kali kiasi kwamba hata pua ya Mayu, iliyoweza kukutajia nani kapita uani, haikugundua chochote.

Asubuhi hiyo Mayu alimpaka Shija kuanzia utosini hadi nyayoni, hakuacha hata nyuma ya masikio. Tukashuka mbugani. Nilimlaza juu ya kanga chini ya mgunga, kandokando ya maji, nikaketi na kijiti cha kufukuzia sisimizi. Mbu walikuwa wengi kama kawaida, walizunguka, walilia, lakini kwa Shija hawakutua kabisa. Nilimpigia Mayu kelele kumwambia. Akainua mgongo kutoka kwenye tope, akacheka.

"Leo mafuta yamekubali," alisema.

Jua lilipanda. Shija alilala, nami nikamwimbia ingawa alikuwa amelala, kwa sababu kuimba kunapunguza uvivu. Baadaye niliona mate yamemtoka hadi yamelowesha kanga. Nikayafuta, yakatoka tena. Nikaona jasho, nikamsogeza kivulini zaidi. Macho yake yalikuwa yanatiririka machozi na halii. Hapo nikapata wasiwasi, nikamwinua mkono nipate kumchezesha, na nilipouachia ulianguka kama kitambaa. Kifuani mwake kulikuwa na sauti ya maji, kama mtu anayetikisa kibuyu. Nilimwita Mayu kwa namna ambayo wanawake wote wa majaruba ya jirani waliacha majembe.

Walikuja wakiwa na tope hadi magotini. Wakamtazama, na kila mmoja alisema neno lilelile: degedege. Bibi mmoja akasema atafutwe mwenye kinyesi cha tembo, mtoto afukizwe moshi wake. Mwingine akamshika Mayu bega, akamwambia, "Mayu, popote utakapompeleka, asichomwe sindano. Mtoto wa degedege akichomwa sindano, ndiyo kwaheri." Mayu alimfunga Shija kifuani badala ya mgongoni, ili amwone, akakimbia kupanda mlima kwenda shambani kwa baba. Mimi nikafuata nikibeba kanga iliyolowa.

Baba alikuwa katikati ya pamba, bomba la dawa mkononi. Alipotuona tunakuja mbio, alilitupa. Alimshika Shija kichwa, akakinusa. Mayu alikuwa anasema maneno mengi kwa pamoja. Mimi nilimwona baba usoni, na nilifikiri ninachokiona ni hofu ya kawaida, ile aliyokuwa nayo mtoto akipiga chafya. Aliuliza jambo moja tu: "Amepakwa mafuta?"

"Nimempaka," Mayu alisema. "Nimempaka vizuri."

Baba alileta baiskeli. Mayu alipanda nyuma na mtoto, mimi nikawekwa mbele kwenye mtalimbo, kwa sababu tabibu wa zahanati na muuguzi wake walikuwa wageni wa mikoa mingine, hawakujua Kisukuma. Mayu Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kilichojua kutubu na kushukuru tu. Cha baba kilikuwa cha sokoni. Mimi ndiye niliyesoma. "Doto aje, atatusemea," baba alisema.

Njia ya kutoka kwetu inapita kwenye udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha. Tope lile hunasa kwenye gurudumu mpaka linagoma kuzunguka. Baba alishuka, akalichokonoa kwa kijiti, akapanda, akashuka tena. Mwishowe aliibeba baiskeli begani, tukatembea mpaka kwenye mchanga. Muda wote huo Mayu alikuwa anaongea nyuma yangu kwa sauti ndogo. "Nimezidisha karafuu. Karafuu ina moto. Mkono wangu huu umezidisha karafuu." Alisema hivyo tena na tena. Akasema Kulwa alikufa kwa kukosa mafuta na Shija anakufa kwa kuyapata, na yote mawili ni yeye.

Baba alizidi kuendesha. Nilikuwa mbele yake, kati ya mikono yake miwili iliyoshika usukani, na kengele ya baiskeli ilikuwa inalia yenyewe. Nilidhani ni barabara. Leo nikikumbuka, nataka kugeuka nimwambie aseme hapohapo, asingoje, amwondolee mama yangu ule mzigo. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichojua ni kwamba mdogo wangu anakufa kwa sababu Mayu alizidisha karafuu. Na nilimchukia Mayu kwa urefu wa ile barabara.

Zahanati ilikuwa imejaa. Watu walipomwona Shija walitupisha bila kuulizwa. Tabibu alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyechoka, na aliuliza haraka haraka nami nikafasiri haraka haraka. Homa ilianza lini? Haijaanza. Ametapika? Hapana. Amepewa dawa yoyote ya kienyeji?

"Amepakwa mafuta ya mbu," nilisema.

"Mafuta gani?"

Mayu alitaja kila kitu, jani kwa jani, kama anayeungama. Nami nikataja baada yake: mchaichai, kivumbasi, mkaratusi, karafuu, mafuta ya pamba. Tabibu akavua miwani. Alisema kina mama hawa watawamaliza watoto kwa majani yao, kwamba mtoto ana malaria ya kichwani na wao wanaleta habari za chai. Akaniambia nimfasirie mama yangu. Nilifasiri nusu. Ile nusu ilitosha. Mayu alijikunja pale chini kwenye sakafu.

Tabibu akamwagiza muuguzi alete kwinini na sindano. Muuguzi akaleta kichupa, akakivunja shingo. Nasikia mpaka leo ule mlio mdogo wa kioo.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alifungua mdomo, akaanza kwa Kiswahili, "Daktari, mimi..." na kile Kiswahili kikamwisha hapo. Mtu aliyejua kubishania bei ya pamba na wanunuzi kutoka mjini hakupata hata neno moja la lugha ile. Akaanza upya kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida, akimtazama tabibu usoni kana kwamba angeelewa. Alisema kwamba mafuta ya mama hayana kosa. Kwamba ni yeye, alfajiri, aliweka ndani yake dawa ya pamba.

Kila mtu mle ndani alielewa isipokuwa wale waliopaswa kuelewa.

"Anasema nini?" tabibu aliniuliza.

Sikujibu. Mnisamehe wale mliokulia mahali pengine. Kwetu mtoto hasemi kosa la baba yake mbele za watu, hata akiliona kwa macho. Kulikuwa na wazee kwenye benchi waliomjua baba. Nilimtazama Mayu, naye alikuwa ameinua kichwa anamtazama baba, na uso wake sikuutambua. Muuguzi alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Mwambie," baba aliniambia. "Doto, mwambie yote. Usinifiche hata kidogo."

"Baba anasema," nilisema, "aliweka dawa ya pamba kwenye mafuta ya mtoto. Ile ya kuua funza. Anasema mama hakujua."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tabibu hakumlaani baba wala hakumtazama. Alimsukuma muuguzi mkono, akafunua kope za Shija na kuzimulika kwa tochi. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa kama punje za ulezi. Kuanzia hapo kila mtu alifanya kazi. Shija alivuliwa kila kitu. Aliogeshwa kwa sabuni na maji, akaoshwa tena, wakamkata nywele, wakamwosha mikunjo ya shingo na vidole. Watu wa foleni ndio waliochota maji kisimani, wakipokezana ndoo. Mayu mwenyewe alioshwa mikono na kifua, akavishwa kanga ya mtu. Kisha ikaja sindano ya kukata sumu, ile ambayo wanawake wa mbugani walituambia asichomwe, na baada yake nyingine. Tabibu hakuondoka hapo. Alikuwa anamfunua macho, anasikiliza kifua, anaangalia saa, anachoma tena. Mayu alishika mguu mmoja wa Shija, kana kwamba angeweza kuvutwa na mtu wa upande wa pili.

Baba alikatazwa kumgusa, kwa kuwa nguo zake zilikuwa na dawa. Alikaa nje juani. Hakuna mwanamume aliyekwenda kukaa naye.

Alasiri, jua lilipokuwa limehamia ukuta wa pili, Shija alilia. Kwanza ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza. Kisha ikawa kilio kamili cha hasira, cha mtu aliyenyolewa bila kuulizwa. Wazee wa kwenye benchi walisema wabeja, wabeja, asante kwa Mungu au kwa tabibu, sikujua ni kwa nani. Nilitoka nje kumwambia baba. Alikuwa amesikia. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia, na mabega yalikuwa yanaruka.

Tabibu alichuchumaa mbele ya Mayu kabla ya kwenda kupumzika. Alisema, "Mama, nilikusema vibaya. Mafuta yako hayakufanya kosa." Safari hii nilifasiri yote, na nikaongeza kidogo.

Tuliruhusiwa baada ya siku kadhaa. Mayu alikuwa hajamsemesha baba, wala hakumgombeza. Alimpa mtoto amshike, akamnyoosha nguo. Tulipofika kwenye mchanga, karibu na nyumbani, ndipo aliposimama katikati ya njia.

"Akili ile uliipata wapi?" aliuliza.

"Dukani," baba alisema. "Wanaume walikuwa wanasema."

"Wanaume gani?"

Baba akawataja. Mayu alisikiliza hadi mwisho, akamrekebisha Shija mgongoni, akasema, "Basi hatuendi nyumbani kwanza."

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Baba alipiga hodi, tukasalimiana mwadila, tukapewa vigoda, na baba, mbele ya wanaume wenzake na wake zao, alisimulia alichomfanyia mwanawe. Hakupunguza. Wengine walicheka kwa aibu, wengine waliapa hawajawahi kufanya hivyo, na mke mmoja akainuka, akachukua chupa, akaenda kuimwaga shimoni nyuma ya choo. Kichwa cha Shija, kilichonyolewa ovyo, ndicho kilichokuwa ushahidi. Kila nyumba tuliyotoka, baba alizidi kuinama.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Ng'washi. Mumewe ndiye aliyekuwa amesema habari za matone mawili dukani. Mwanzoni mwa masika ya mwaka uliotangulia walikuwa wamezika mtoto, mchanga kidogo kuliko Shija, aliyekwenda kwa degedege ndani ya siku moja, na sote tulikuwa tumekwenda matangani. Mama Ng'washi alikuwa mjamzito tena. Alitukaribisha vizuri, akatuletea karanga kwenye ungo, akampakata Shija akamwonea huruma kwa kichwa chake. Mumewe alikaa kwenye kigoda, bomba lake la dawa limeegemea ukuta.

Baba alisimulia. Nilikuwa nakula karanga. Alipomaliza, Mama Ng'washi alimrudishia Mayu mtoto, polepole, akauliza, "Hata yakiwa matone mawili tu?"

Baba alichelewa kujibu. Nilisikia karanga zinavyosagika mdomoni mwangu mwenyewe, nikaacha kutafuna.

"Hata moja, mayu," alimjibu.

Mama Ng'washi aliinuka akaingia ndani. Hakutoka. Mumewe aliendelea kutazama chini, hakuaga, hakutusindikiza hata hadi kwenye uzio wa minyaa. Njiani nilinung'unika kwamba watu wale hawana adabu, wametuacha tukaondoka peke yetu kama mbuzi. Mayu alinibana mkono hadi nikatokwa na machozi, na hakunieleza sababu. Nilikasirika kwa siku nyingi. Nilikasirika pia kwa sababu kuanzia mwaka ule baba na Mayu walikwenda kila msimu kupalilia shamba la watu wale kabla hawajagusa letu, na mimi nikaburutwa nao.

Mtoto wa Mama Ng'washi alizaliwa pamba ikiwa imepasuka. Nilikuwa nyumbani siku alipokuja, mtoto mgongoni, ameshika chupa mpya, iliyooshwa hadi inang'aa. Hakusema alichofuata. Mayu aliichukua ile chupa, akaijaza mafuta, akampa, kisha wote wawili wakakaa chini jikoni. Mayu akanigeukia akaniambia niende kisimani. Nilimwambia mtungi umejaa. Akasema niende hivyohivyo.

Nilikwenda nikiburuta ndoo na kulalamika njia nzima. Nilikuwa mama tayari, nina mtoto wangu mwenye homa mapajani, siku nilipoelewa nilichotumwa nisikione. Nikaelewa pia kwa nini baba alichelewa kulijibu lile swali. Alijua vizuri anayemuuliza, na kwamba anauliza habari za mtoto aliyemzika. Angeweza kusema labda, angeweza kusema mawili si mengi, na yule mama angelala usingizi wake. Lakini chupa ya mumewe ilikuwa bado imekaa mle ndani mahali fulani, na mtoto alikuwa tumboni. Baba alichagua, na nimeishi miaka yote hii bila kujua kama mimi ningethubutu kumjibu vile mwanamke aliyekuwa ametuletea karanga.